Majani ya Juu ya Mlango

Waliokuwepo siku ile ni hawa. Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yetu, aliyetoka Lubudi na kuketi kofia ikiwa magotini. Shangazi, aliyekunja miguu juu ya mkeka mlangoni kana kwamba anazuia kitu kisitoke. Kaku, yaani bibi yetu mzaa mama, karibu na mbabula, jiko letu la makaa, lenye sufuria ya sombe, yaani kisamvu. Jirani yetu wa ukuta mmoja, mstaafu wa reli, ambaye kambi nzima ilimwita mashinisti. Mwenye nyumba ya wageni ya karibu na stesheni, aliyefika kwa pikipiki na hakukubali kiti. Mdogo wangu anayenifuata, mvulana. Mdogo wangu wa pili, msichana. Mtoto wetu wa mwisho, msichana pia, ambaye meno ya mbele yalikuwa yameng'oka. Na mimi, yaya wao, yaani dada yao mkubwa. Katikati yetu, juu ya mlango wa kabati uliolazwa kwenye viti viwili, kulikuwa na kijiji kizima kilichofunikwa kitenge.

Nawataja mapema, rafiki, kwa sababu juzi nilirudi Kapata, kambi yetu ya mgodi pale Kolwezi, na sikukuta hata mmoja wao. Safu yetu ya nyumba imehamwa karibu yote. Malori ya machimbo yanapita nyuma ya jikoni zetu za zamani, na vumbi jekundu limekaa juu ya kila kitu. Nyumba yetu bado ina kuta, lakini mabati yameng'olewa. Niliingia katika chumba tulimolala sisi wanne, nikainua macho, nikaona mbingu. Nilipokuwa nimesimama hapo ndipo mikono yangu ilipokumbuka mapaa. Si haya ya mabati. Mapaa madogo ya majani, ambayo kila moja lingeenea juu ya kiganja cha mtoto.

Baba yetu alikuwa mtu wa mgodi tangu ujana. Alikufa kwa kifua, polepole, akikohoa upande wa ukuta ili tusimwone. Mama alimfuata kabla kaburi la baba halijaota majani vizuri. Mimi nilikuwa sekondari ya pili. Hakuna aliyeniamuru niache shule. Ilikuwa asubuhi tu ambapo wadogo zangu walihitaji uji, na mwenye mikono nilikuwa mimi. Nikaanza kusuka nywele za akina mama wa kambi, chini ya dirisha letu, kwenye benchi ambalo baba alilitengeneza kwa ajili ya kuvulia viatu vyake vya kazi.

Kilio kilipokwisha, baba mkubwa alituita uani. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, na sauti yake ilifanana mno na ya baba, jambo lililotuumiza.

"Batoto ba ndugu yangu habawezi kubakia bila mutu mukubwa," alisema. "Mwanaume ataenda na mi ku Lubudi, ku mashamba. Banamuke batakaa na shangazi yabo."

Nikamwambia kwamba mimi nipo.

"Weye? Weye kesho mutu anakuja kukuoa. Utabeba batoto mu ndoa sawa nyungu?"

Shangazi alicheka. Mimi sikucheka wala sikulia. Niliomba kitu kimoja: kiangazi kizima. Nikasema kiangazi kikiisha akatukuta tumekonda, au tumefukuzwa, au tunaombaomba, basi agawe watoto anavyotaka, na mimi sitafungua mdomo. Baba mkubwa akasema, "Mi nitarudi kuona kwa macho." Tangu siku hiyo sikuamka hata asubuhi moja bila kusikia maneno hayo. Kuona kwa macho. Nilijua kwamba haitoshi sisi kuishi; ilibidi kuwe na kitu cha kuonyesha.

Kitu hicho kilitoka upande wa pili wa ukuta. Mashinisti alikuwa mtu wa asili ya Kasai. Baba yake aliletwa Katanga na kazi ya mgodi, na yeye mwenyewe akazaliwa hapahapa, akaendesha treni za mizigo kutoka Kolwezi hadi Tenke, na kutoka hapo kupanda Lubudi. Alipostaafu alianza kutengeneza treni ndogo. Injini aliikata kutoka kopo la maziwa, mabehewa kutoka makopo ya sadini, reli kutoka waya. Kaku alimtania kila siku juu ya ukuta. "Tata mashinisti, ile treni yako inatembea na mudomo tu." Naye alijibu, "Mama, hata ile ya kweli siku hizi inatembea na mudomo. Yangu angalau inafika."

Mwenye nyumba ya wageni aliiona treni ile, akaitamani. Alitaka meza kubwa katika ukumbi wake, na juu ya meza njia nzima ya reli kama ilivyokuwa zamani: stesheni, daraja, vijiji vya kando ya njia, ili wageni wawe na cha kutazama wakisubiri chakula. Mashinisti aliweza kila kitu cha chuma. Lakini vidole vyake vilikuwa vimebaki na mtetemo wa injini, na kila alipojaribu kuezeka nyumba, paa lilitoka kama kichwa cha mtu aliyeamshwa vibaya. Siku moja akaegemea ukuta, akanitazama nikimsuka mama mmoja mistari myembamba.

"Mama," aliniita hivyo ingawa nilikuwa msichana tu, "ile bidole byako, binaweza kusuka nyumba?"

Nilidhani kazi ni rahisi. Paa la majani hutengenezwa kwa majani, sivyo? Mimi na mdogo wangu anayenifuata tulitembea hadi barabara ya Nzilo, tukakata majani marefu chini ya nyaya kubwa zinazobeba umeme na kuupitisha juu ya vichwa vyetu kwenda kwa watu wengine. Tuliyakausha, tukayakata mafupi, tukayabandika juu ya nyumba ya karatasi ngumu. Mashinisti aligeuza nyumba ile upande huu na upande ule. "Hii ni nyumba ama ni fagio?" akauliza. Kisha akasimamisha kando yake mtu mdogo wa bati. Jani moja lilikuwa nene kama paja la mtu yule. Akasema neno ambalo nimelitumia tangu hapo katika mambo mengi: kitu cha kweli kikizidi nyumba yake, kinageuka uongo.

Tukajaribu meshi, zile nywele za dukani. Nilikuwa na fungu la rangi ya asali ambalo hakuna mteja aliyelitaka. Unene ulikuwa sawa kabisa, lakini paa liling'aa. Mdogo wangu wa pili alilitazama akasema, "Hii nyumba inaenda ku ndoa." Tukalivua.

Kilichofaa kilikuwa kimelala chini ya kitanda muda wote: gunia kuukuu la katani. Tulilifumua uzi kwa uzi, tukazichemsha nyuzi katika majani ya chai yaliyokwisha kutumika, tukazianika, tukazisugua kwa majivu hadi zikapoteza ule mng'ao wa upya. Kisha nikazichana kwa kitana changu cha kazi. Harufu yake bado naijua. Ni harufu ya chai hafifu, ya vumbi la mahindi, ya kitu kilichobeba mizigo mingi. Kwa gundi tulianza na bukari, yaani ugali, iliyobaki sufuriani, tukaikoroga kwa maji. Asubuhi tulikuta panya wamekula nyumba tatu na nusu ya kanisa, na kaku akasema panya hao ni wapagani. Mashinisti akatuletea gundi ya mafundi seremala.

Hata hivyo paa langu la kwanza la katani lilikataa kuwa paa. Nililitazama, sikujua ubaya uko wapi. Kaku, ambaye tangu tuanze hakuwa amesema lolote isipokuwa kutania, alilichukua mkononi mwangu.

"Unaanzia ku utosi?" akauliza. "Sasa nywele itaangukia wapi?"

Niliona haya. Kila siku nilishona meshi katika vichwa vya watu kuanzia kisogoni kupanda juu, safu ikifunika mshono wa safu ya chini yake, na sikuhitaji kufikiri. Lakini kwa kuwa hiki kiliitwa paa, nilikuwa nimeanzia juu na kushuka, na kila mshono ulionekana kama jeraha. Nikalibandua lote. Nikaanza kwenye ukingo wa chini, vishungi vyembamba kama njiti za kiberiti, kimoja ubavuni mwa kingine, safu juu ya safu, hadi mgongo wa paa. Mgongo tukaufunga kwa udongo laini wa kichuguu. Halafu nikakata ukingo kwa wembe, si wima bali kwa mshazari kidogo, kama mafundi wa kijijini wanavyofanya. Nilipoliweka juu ya kuta zake, kaku alilisogeza karibu na uso wake kama mtu anayesoma.

Tangu hapo kazi ikawa yake. Alizaliwa katika kituo kidogo cha njiani, mahali ambapo treni ilisimama tu ikipungiwa mkono, na mama yetu alizaliwa hapohapo. Watu wa kituo hicho walikuwa wameondolewa zamani, wakati kilima chao kilipoonekana kuwa na shaba ndani yake. Mashinisti alikijua, alikuwa akipiga honi kila alipokipita. Wawili hao wakakubaliana kwamba kijiji cha kando ya reli kitakuwa kile na si kingine. Kaku alielekeza kwa kijiti: nyumba ya katekista hapa, ya mfua vyuma pale, ya mjane mwenye mbuzi nyuma ya mti, yake mwenyewe karibu na reli. Alijua paa lipi lilikuwa jipya na la manjano, lipi lilikuwa kuukuu na la kijivu, lipi lilikuwa na ukungu upande usiopata jua. Ukungu tuliufanya kwa majani makavu ya sombe yaliyopondwa yakawa unga. Na kila paa alilipaka kwa kidole unga wa makaa juu kabisa, kwenye mgongo, pale moshi wa jiko unapotokea. "Nyumba yenye haina moshi ku kichwa," alisema, "haina mutu ndani."

Mdogo wangu anayenifuata ndiye aliyepima. Alikuwa darasa la sita, anajiandaa kwa mtihani wa kumaliza msingi, na rula yake ilikuwa kitu pekee nyumbani mwetu ambacho hakikuwahi kupotea. Alichora kila ukuta kabla hatujaukata. Jioni, sisi tukichana nyuzi, yeye alitusomea masomo yake kwa sauti, mito ya nchi, miili ya wadudu, sheria za kugawanya. Mimi niliyeacha shule niliendelea nayo hivyo, kwa masikio. Mwalimu wake alipita siku moja, akasimama nje ya ua, akaniambia, "Huyu, musimufungie njia." Nililiweka neno hilo kifuani kama mtu anavyoweka ufunguo.

Usidhani kwamba nakueleza raha. Kulikuwa na siku za bukari na chumvi. Kulikuwa na siku nilipowaambia wadogo zangu kwamba nimekula kwa jirani. Mtoto wa mwisho alikuwa bado anaamka na kwenda kukaa kwenye benchi la baba, viatu vya baba vikiwa miguuni mwake. Lakini kiangazi kilikuwa kinapita, na juu ya mlango wa kabati kijiji kilikuwa kinakua, na mwenye nyumba ya wageni alikuwa amesema kwamba kikimpendeza, nitamfanyia vijiji vyote vya njia ile. Hiyo ilikuwa kazi ya mwaka na zaidi. Nikapanga aje kukichukua siku ileile ambayo baba mkubwa angekuja, ili aseme mbele yake.

Katika jioni hizo kaku alisimulia mengi, na moja lilikuwa hili. Kwao, mwenye nyumba akifa, mtu mzima wa ukoo alipanda akachomoa konzi ya majani juu ya mlango. Paa lilibaki na tundu pale. Mpita njia akiliona, alishusha sauti. Na marehemu naye akiliona, alijua kwamba watu wamekubali kwamba amekwenda, na kwamba hana haja ya kurudi kuulizia chakula.

"Kaku," aliuliza mtoto wa mwisho, "na ku nyumba yetu balitosha majani wapi?" Kutosha, kwetu, ni kutoa.

"Yetu ni ya mabati, mama," kaku alimjibu. "Mabati hayasikie."

Mtoto akatazama juu kwenye mabati. Sisi wengine tukaendelea na kazi.

Asubuhi ya siku yenyewe kila mmoja alikuwa na shughuli. Kaku na mdogo wangu wa pili walikwenda sokoni kutafuta sombe. Mimi na mdogo wangu anayenifuata tulikwenda bombani, maana wageni wangehitaji maji. Mtoto wa mwisho tulimwachia kijiji, kazi yake ikiwa kufukuza kuku. Tuliporudi, tulikuta amekifunika kitenge vizuri, akaketi kando, mikono magotini, kama mtu aliyemaliza kazi. Nilimsifu.

Walifika mmoja baada ya mwingine, wakaketi kama nilivyokwambia. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa na haraka. Alisalimu, akavuta kitenge.

Juu ya karibu kila mlango kulikuwa na tundu. Nyumba ya katekista, ya mfua vyuma, ya mjane, na nyingine. Nyuzi zilizochomolewa zilikuwa zimepangwa kando katika vifungu, kwa adabu. Karatasi ngumu ilionekana chini ya kila tundu, nyeupe kama mfupa.

Mtoto wa mwisho ndiye aliyetueleza, bila hofu yoyote.

"Balikufa," alisema. "Kaku alisema aba bote balikufa. Hakuna mutu alibatoshea majani."

Mwenye nyumba ya wageni alimtazama mtoto, kisha mashinisti, kisha mimi. "Mi niliomba kijiji," alisema. "Sikuomba makaburi. Wageni yangu banakula pale." Mashinisti akaanza kusema kwamba ni kazi ya siku mbili kurudisha, kwamba mtoto ni mtoto, lakini mtu yule alikuwa ameshageuka. Tukasikia pikipiki ikiondoka, ikaenda hadi mwisho wa safu yetu, ikapotea.

Shangazi alipiga ulimi. "Ndio kazi ya kulisha batoto, ile? Kuchezea karatasi?"

Mashinisti akataka kunitetea. Baba mkubwa akamwinulia mkono, kwa heshima, akamwambia, "Tata, weye ni jirani muzuri. Hii ni maneno ya ukoo." Kwetu ni hivyo. Watoto ni wa upande wa baba. Jirani hana neno, na hata kaku, mama wa mama yetu, hakuwa na neno. Lakini kaku alisimama akasema.

Hakulalamika. Alimwonyesha baba mkubwa kijiti chake, akamtajia nyumba moja moja, nani alikaa humo, alikufa wapi baada ya kuhamishwa, nani alizikwa na nani hakujulikana. Baba mkubwa alikuwa mtu wa kijijini. Hakuhitaji kuelezwa maana ya yale matundu. Aliinuka, akaja karibu, akainama. Kidole chake kinene kilipita juu ya milango yote, kikasimama kwenye nyumba ya karibu na reli, ambayo paa lake lilikuwa zima.

"Na hii?"

"Hii ni yangu," kaku alisema. "Inangoja."

Baba mkubwa alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu, na mimi, rafiki yangu, nilidhani tumepona.

"Mutoto hana kosa," alisema. "Alifanya ile sisi bakubwa tulisahau. Mi sitasema mubaya juu yake. Lakini bale balikufa habalishe batoto." Akanigeukia. "Na mi vilevile niko na kwetu. Nikirudi mikono mutupu, batu batasema nini? Batasema nilitupa damu ya ndugu yangu ku Kolwezi, nikaenda kulima mahindi yangu."

"Basi beba batatu," shangazi akasema, "muache huyu mukubwa aolewe."

Nikasema hapana. Sikupaza sauti. Nilisema kwamba mama, siku zake za mwisho, alitushikisha mikono sisi wanne juu ya shuka, na kwamba sitakuwa mimi wa kuachia. Nikasema kiangazi kimekwisha na hatujakonda kuliko wengine, hatujafukuzwa, hatujaomba. Hayo yalikuwa kweli, na baba mkubwa alijua ni kweli. Alizungusha kofia yake mikononi. Mwishowe akasema, karibu kama mtu anayeomba, "Unipe basi mumoja."

Nikatazama wadogo zangu. Mtoto wa mwisho alikuwa anakula karanga. Wa pili alikuwa amejificha nyuma ya kaku. Na yule anayenifuata, mwenye rula, alikuwa ameshasimama.

"Mi nitaenda," alisema. "Mi ndiye nakula mingi hapa. Mukinitosha, nyungu itapumua."

Wadogo zake walicheka. Yeye aliwatazama wakicheka, akaridhika, akaingia ndani kufunga shati lake la pili. Mkoba wa shule aliuacha juu ya kitanda. Nilimfuata chumbani, nikamwambia, "Mvua hizi tu. Mvua zikipita nitakuja kukuchukua, utafanya mtihani wako." Akasema, "Sawa, yaya," kwa sauti ambayo watu wazima humjibu mtoto.

Kesho yake mashinisti alinipeleka kwa mwenye nyumba ya wageni, akaongea hadi mtu yule akachoka kukataa. Angekichukua kijiji matundu ya juu ya milango yakizibwa. Nikakaa, nikarudisha majani juu ya mlango wa kila marehemu, kishungi baada ya kishungi. Kaku hakukaa nami. Alisema hawezi kutazama watu wakifungiwa tena ndani. Baada ya hicho nilifanya vijiji vingine, na vingine, na kwa nyuzi za magunia tulikula. Wadogo zangu wawili walienda shule asubuhi wakiwa wamekunywa uji. Tulilala chumba kimoja hadi walipokuwa wanawake.

Lakini mvua zile zilipopita, mashinisti alikuwa mgonjwa, na sikuwa na wa kumwachia kaku na watoto. Mvua zilizofuata, treni haikutembea kabisa, na nilipopata lori, lilinifikisha Lubudi mtihani ukiwa umeshafanywa. Nilimkuta shambani, amerefuka, sauti imevunjika. "Mahindi bado, yaya," aliniambia. "Nikimuacha muzee sasa, nani atavuna?" Mvua nyingine baba mkubwa alipooza upande mmoja, na mdogo wangu ndiye akawa mwanaume wa nyumba ile. Baadaye akawa na mke.

Sasa hakuna kitu. Kaku alikufa, na paa lililokuwa juu yake lilikuwa la mabati. Mashinisti alikufa. Nyumba ya wageni iliuzwa, ukumbi ukawa stoo ya magunia ya mawe, na ile meza ikatolewa nje. Mvua ya kweli ikayakuta mapaa ambayo hayakutengenezwa kwa ajili ya mvua. Kituo kile cha njiani ni shimo, na watu wanasema kina chake kinapita urefu wa mnara wa kanisa. Mtu akiniuliza kijiji cha mama yangu kiko wapi, siwezi kumwonyesha hata kwa karatasi.

Mdogo wangu wa pili ni mwalimu, Likasi. Wa mwisho anasomea uuguzi, na hakumbuki chochote cha siku ile. Tulikubaliana asikumbushwe.

Baada ya kutoka Kapata juzi sikurudi nyumbani kwangu. Nilipanda lori moja kwa moja hadi Lubudi. Nilimkuta mdogo wangu stesheni, akipakia mahindi behewani, mgongo umepinda kidogo kama wa baba. Kila gunia lilikuwa na maandishi ya mwenyewe, naye kabla ya kulinyanyua alimgeukia mwanawe, mtoto wa darasa la tatu, amsomee. Nilisimama hapo nikasikiliza. Yule aliyetusomea mito ya nchi nzima alikuwa amesahau kusoma, anangoja mtoto amalize silabi.

Tulipokaa nilimwambia kile nilichokuwa nimekitunza miaka yote: kwamba ile shule waliyosoma dada zake ni yake, kwamba nina deni, kwamba nimekuja kuuliza nalilipaje. Alinitazama kama mtu asiyeelewa lugha.

"Deni gani, yaya?" akasema. "Kwani balilala njaa?"

Nikasema hapana, hawakulala njaa.

"Ndio vile," akasema, akarudi kwenye mizigo. Lori langu lilipowashwa alikuja mbio, akanipandishia gunia la mahindi ya shamba lake, akalisukuma hadi miguuni pangu, akaniambia nigawane na dada zake. Nilikwenda Lubudi kulipa, na nimerudi nikiwa nadaiwa zaidi.